Kamati ya Meli Mbili

Umma unaarifiwa, kwa fahari isiyo kifani, kwamba Wizara ya Mapumziko imeunda Kamati Maalumu ya Kulinganisha Meli Mbili Kubwa za Kitalii, ili kubaini kwa njia shirikishi ipi kati ya hizo inafaa kubeba familia ya Waziri wakati wa likizo.

Tangazo hilo niliandika mimi, Katibu wa Kamati. Nililibandika kwa mikono yangu kwenye ubao wa wizara, nikarudi nyuma kulitazama kama mtu anayetazama picha ya harusi yake. Lilikuwa limenyooka.

Wapo watakaouliza, likizo ya mtu na watoto wake inaihusu nini serikali? Hao wasamehewe, hawajui mambo yanavyokwenda. Likizo ya fundi bomba ni likizo. Likizo ya Waziri wa Mapumziko ni tamko la kisera. Yeye akipumzika vibaya, nchi nzima itapumzika vibaya.

Kwa wasioifahamu, wizara yetu ndiyo iliyokuwa ikitoa vibali vya kupumzika. Mwananchi akichoka, alikuja dirishani kwetu, akaeleza amechoshwa na nini, tukamhoji, tukamtuma arudi na mashahidi, na tukiridhika kwamba uchovu wake ni wa kweli, tukampa kibali. Mchakato wenyewe ulikuwa unachosha kidogo. Hiyo ilisaidia sana kuthibitisha uchovu.

Waziri wetu alikuwa mtu mwema. Hakuwahi kumfokea mhudumu wala dereva, na kwenye misiba alikaa mpaka viti vikusanywe. Sifa yake kubwa, iliyomfikisha alipofika, ni kwamba hakuwahi kuamua jambo peke yake. Hata mgahawani, akiulizwa chai au kahawa, alimgeukia jirani yake na kusema, "Tupate kwanza maoni." Watu wa mtaani walimpachika jina la Bwana Tutaliangalia. Alilisikia, akaagiza liangaliwe.

Suala la meli lilianzia nyumbani kwake, kwenye meza ya chakula. Nilikuwepo kwa sababu nilikuwa nimempelekea majalada, na mke wake, ambaye sote tulimwita Mama Pacha, hakuwa mtu wa kumwacha mgeni asimame. Alinisogezea sahani. Kisha akafuta mikono, akaweka vipeperushi viwili mbele ya mumewe.

"Baba Pacha, meli ni hizi mbili. Zote zinaondoka shule zikifungwa. Chagua moja."

Mezani walikuwepo pacha wao wawili wa kiume, wanaosoma shule ya msingi, wanaoongea kwa pamoja kama redio mbili zilizofunguliwa stesheni moja. Alikuwepo binti yao mkubwa, ambaye likizo ikiisha alikuwa anakwenda kusoma chuo cha mbali, ng'ambo. Na alikuwepo Bibi, mama yake Mama Pacha, aliyekuwa anakaa nao tangu magoti yalipoanza kumsumbua.

"Mimi nataka kufika mahali ambapo nikigeuka huku ni maji, nikigeuka huku ni maji," alisema Bibi. "Kuta nimeshaziona za kutosha."

"Baba, ni likizo ya mwisho tukiwa wote," alisema binti. Alisema taratibu, akiendelea kula.

Waziri alivichukua vipeperushi, kimoja mkono huu, kingine mkono huu, akavipima kama anayenunua nyanya. Moja ya meli hizo ilikuwa nyeupe, nyingine ya buluu. Zote mbili zilikuwa kubwa kama mtaa.

"Hili ni jambo zito," alisema. "Tutaliangalia."

"Liangalie sasa," alisema mkewe. "Liko mbele yako."

"Mke wangu, meli kubwa namna hii haichaguliwi na macho mawili." Akanipa vipeperushi. "Katibu, unda kitu."

Pacha wakaacha kutafuna. Nikaunda kitu.

Kamati ilikuwa na wajumbe watatu mbali na mimi. Wa kwanza ni Mkurugenzi wa Manunuzi, bwana mpana mwenye sauti ya kutoka kisimani. Wa pili ni Mwanasheria, mwembamba, ambaye hajawahi kukubali jambo bila kulikataa kwanza. Wa tatu ni Mtakwimu, mwanamke kijana mkimya, aliyeamini kwamba kitu kisichopimika hakipo.

Kikao cha kwanza kilihusu majina. Mwanasheria alitahadharisha kwamba kuzitaja meli kwa majina yake kutaleta upendeleo, kwa kuwa moja ina jina tamu na nyingine jina gumu. Mkurugenzi akapendekeza Meli ya Kwanza na Meli ya Pili.

"Neno 'kwanza' lina harufu ya ushindi," alisema Mwanasheria.

"Basi Meli Hii na Meli Ile," alisema Mtakwimu.

Tulipiga makofi. Tatizo lilikuja tulipovitandaza vipeperushi. Mkurugenzi alikuwa amekaa upande wa dirisha na Mwanasheria upande wa mlango, kwa hiyo Hii ya mmoja ilikuwa Ile ya mwingine. Walibishana asubuhi nzima, mishipa imewatoka shingoni, kumbe wanaisifia meli moja. Nililitatua kwa kuagiza wajumbe wote wakae upande mmoja wa meza. Tangu siku hiyo tulifanya kazi tumebanana kama njiti za kiberiti, lakini kwa umoja.

Majuma yakapita. Kazi ilisonga. Tulipitisha hadidu za rejea, tukazirejea, tukaunda kikosi kidogo cha kufafanua maana ya "kubwa". Mwanasheria aliona si sahihi kusema meli ni kubwa pasipo kusema kubwa kuliko nini. Tulikubaliana kuandika "kubwa kuliko mashua", na jambo hilo likafungwa.

Siku moja mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Alikuwa Mama Pacha, amevaa sare ya uuguzi, ametoka zamu. Viatu vyake vyeupe vilikuwa na doa ambalo hakuna aliyeuliza ni la nini.

"Hamjambo shemeji zangu."

"Hatujambo, Mama."

"Mmefikia wapi?"

Mkurugenzi alisimama, akafunga kifungo cha koti. "Tuko hatua nzuri, Mama. Mchakato unaendelea."

"Unaendelea kwenda wapi?"

Swali la namna hiyo lilikuwa halijawahi kuulizwa wizarani. Ikabidi nimfafanulie kwamba yeye, kwa mujibu wa taratibu, ni mdau, na mdau anayo nafasi ya kutoa maoni, mafupi, akiwa amesimama.

"Haya, maoni yangu," alisema. "Mama yangu hapandi ngazi. Meli ipi lifti yake inafika kila sitaha? Niambieni, nikalale."

"La lifti liko mbele kidogo," alisema Mwanasheria. "Kwa sasa tupo kwenye fasili ya neno 'familia'."

"Fasili ya nini?"

"'Familia', Mama. Ni neno lenye utata."

Mama Pacha alimtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyemeza sarafu. "Baba, mimi nafanya kazi wodi ya wazazi. Pale nikiitisha kikao, mtoto anazaliwa sakafuni."

Waziri, aliyesikia sauti, alitokea chumba cha pili, miwani ikiwa kwenye paji la uso. "Mama Pacha, subira. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja inaumiza matumbo, Baba Pacha. Mtoto wako anaondoka. Akishaondoka, kwenye hiyo meli utampandisha nani? Kamati?"

Tulicheka kwa adabu, tukidhani ni utani. Yeye hakucheka. Alimtazama mumewe kwa muda, akangoja. Waziri alishusha miwani machoni, akaipandisha tena, akasema ni vizuri wadau wakiwa na mwamko. Mama Pacha aliondoka. Mimi niliandika: Maoni ya mdau yamepokelewa.

Baada ya hapo tuliingia hatua ya upembuzi yakinifu kwa vitendo. Ilitokea bahati kwamba meli zote mbili zingetia nanga bandarini kwetu mara kwa mara, na kila moja iliruhusu watu kuingia kuitazama. Kamati iliazimia kuzikagua si kama maofisa, bali kama familia, ili matokeo yawe na uhalisia. Tukaunda Familia ya Majaribio.

Mkurugenzi wa Manunuzi aliteuliwa kuwa Kaimu Mke, kwa kigezo cha cheo. Mtakwimu akawa Kaimu Binti. Mwanasheria, kutokana na uhaba wa watumishi, alikaimu nafasi zote mbili za pacha. Mimi nilikaimu nafasi ya Bibi, na nisijisifu, lakini magoti yalianza kuniuma siku hiyohiyo. Nafasi ya Waziri hakuna aliyethubutu kuikaimu. Iliachwa wazi.

Tulianza na meli nyeupe. Tulipanda tumevaa suti, tumeshikana mikono, kama kanuni ya familia inavyotaka. Juu ya sitaha kulikuwa na mtelezo wa maji uliopinda kama utumbo, na Mwanasheria alitakiwa kuutelezea mara mbili, mara moja kwa kila pacha. Safari ya kwanza alishuka akipiga kelele za furaha. Ya pili alishuka akizipinga. Alieleza baadaye kwamba pacha wa pili ana mtazamo tofauti na lazima haki itendeke.

Chakulani tulipewa meza ya watu watano. Mhudumu, mama mmoja mwenye tabasamu la kazini, alituhesabu kwa macho, akaona kiti kimoja kimebaki.

"Na baba yuko wapi?" aliuliza.

"Yuko kazini," alijibu Mkurugenzi, kwa sauti ya kutoka kisimani.

"Atakuja baadaye?"

"Analiangalia."

Mhudumu aliondoka. Tulikula. Kile kiti kilikuwa kinatutazama. Mwanasheria, kwa niaba ya pacha wote, aliuliza kama anaweza kukitumia kuwekea koti lake lililolowa. Hapakuwa na pingamizi. Mtakwimu aliweka uma chini.

"Hivi," alisema, "kila siku huwa wanakula hivi?"

Nilimkumbusha kwamba swali hilo lipo nje ya hadidu za rejea. Alichukua uma tena, lakini hakula.

Meli ya buluu tuliikagua ilipofika. Haikuwa na mtelezo. Ilikuwa na maktaba, bwawa tulivu, na lifti pana iliyopanda na kushuka sitaha zote bila kelele. Nikiwa Kaimu Bibi niliipanda mara nyingi kuliko ilivyohitajika kitaalamu. Mkurugenzi aligombana nami kwamba nachelewesha familia. Nilimwambia asinijibu hivyo, mimi ni mama yake mzazi. Hapo ndipo nilipojua kwamba zoezi limefanikiwa.

Mtakwimu alikaa na majumlisho yake, akatuletea matokeo: meli hizo zilikuwa zimelingana. Zote mbili ni kubwa, zote mbili zinaelea. Mtelezo wa moja ulifidiwa na lifti ya nyingine.

Nilimpelekea Waziri ripoti mchana, ikiwa imejalidiwa. Aliisoma kwa furaha ambayo sijaiona kwake kabla wala baada.

"Zimelingana!" alisema. "Unaona, Katibu? Mtu mmoja angekurupuka, angechagua. Hii ndiyo faida ya utafiti. Sasa tuunde jopo la mapitio. Lakini kwanza twende nyumbani, nikawape familia taarifa ya awali. Watafurahi."

Tulifika kwake jua likiwa bado juu. Kwa kawaida geti la pale likifunguliwa hutangulia kelele za pacha. Siku hiyo tulipokewa na mtunza bustani, anamwagilia maua.

"Wameondoka, mzee," alisema. "Teksi imewachukua asubuhi."

"Wameenda wapi?"

"Melini."

Waziri alitabasamu kidogo, kama mtu anayengoja sehemu ya pili ya utani. "Meli gani? Ripoti ninayo mimi."

"Mimi sijui ripoti, mzee. Bibi alisema ile yenye lifti."

Tuliingia ndani. Nyumba ilikuwa safi, vyombo vimekaushwa, mapazia yamefungwa nusu. Waziri alipiga simu, akaweka sauti ya juu kwa mazoea, kwani hupenda niwe shahidi. Ilipopokelewa tulisikia upepo kwanza.

"Mama Pacha, mko wapi?"

"Baharini."

"Lakini ripoti bado haijapitiwa!"

"Niliwapigia simu wenye meli, nikauliza lifti. Wakaniambia ni ya buluu. Nikakata tiketi."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Nilikuwa namenya viazi."

"Na mimi hamkuniambia?"

"Nilikuja ofisini nikakwambia mbele ya watu wako, Baba Pacha. Katibu aliandika. Nikarudia nyumbani, ukasema kuna mchakato. Tiketi yako nilitaka kuikata, mkono ukagoma. Nikasema huyu akikatiwa bila kamati ataugua."

Waziri alinigeukia. "Uliandika?"

"Niliandika, Mheshimiwa," nilisema. "Maoni yalipokelewa."

Simu ilikuwa imeshakatika. Alizunguka nyumba akifungua milango, taratibu, kana kwamba kuna aliyelala. Chumbani kwa binti alisimama mlangoni. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Ukutani palikuwa na alama za picha zilizobanduliwa, na chini yake sanduku kubwa la safari ya chuo, limeshafungwa, limezungushiwa kamba juu ya kufuli. Alilitazama sanduku lile kwa muda mrefu. Nami nilisimama nyuma yake na ripoti, nikiona si wakati mzuri wa kumkumbusha kuisaini.

"Amefunga lini?" aliuliza.

Sikujua. Haikuwa kwenye ripoti.

"Katibu," alisema, bado amenipa mgongo. "Ile nyeupe inaondoka lini?"

Nilimwambia inaondoka kesho yake, na kwamba inafuata njia ileile ya visiwani. Akasema nimtafutie nafasi. Nilishtuka, kwa maana hakusema "tutaangalia". Nilipiga simu. Nikajibiwa kwamba vyumba vya mtu mmoja vimekwisha, kimebaki chumba kimoja kikubwa cha familia, na hicho hakitolewi isipokuwa kwa familia.

"Waambie familia ninayo," alisema Waziri. Kisha akanitazama kuanzia viatuni hadi utosini.

Ndiyo namna Waziri wa Mapumziko alivyokwenda likizo na Familia ya Majaribio. Mkurugenzi alileta shuka zake. Mwanasheria alidai kitanda cha juu kwa pacha mmoja na cha chini kwa pacha mwingine, akawa anahama. Kwenye meza ya chakula kile kiti sasa kilikuwa na mtu, lakini mtu mwenyewe hakuwa anakula sana. Alikuwa anatuuliza maswali.

"Hivi pacha wangu wanapenda nini?"

"Wa kwanza anapenda mtelezo," alijibu Mwanasheria. "Wa pili anaupinga."

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Ni makadirio."

Akamgeukia Mtakwimu. "Na binti yangu? Wewe umekaa kwenye nafasi yake muda wote huu. Anakwenda kusomea nini?"

Mtakwimu aliinamisha kichwa. "Mheshimiwa, mimi sijui. Wewe hujui?"

Mkurugenzi alimkanyaga chini ya meza. Lakini Waziri hakukasirika. Alisema, "Aliniambia. Nilikuwa nasoma kitu." Akaomba maji. Mhudumu alipomuuliza ya baridi au ya kawaida, alifungua mdomo, akatutazama mmoja mmoja, akaufunga.

Tulifika kisiwa cha kwanza asubuhi. Meli ya buluu ilikuwa imeshatia nanga kwenye gati hilohilo, ng'ambo ya pili, imetulia kama jengo la hospitali. Waziri aliteremka mbio. Mimi sijawahi kumwona akikimbia. Kamati ilimfuata kwa mpangilio wa vyeo.

Chini ya ngazi ya meli ya buluu alisimama mlinzi mwanamke, kofia imemkaa sawasawa. Alinyoosha mkono.

"Samahani, mzee. Wewe ni abiria wa hapa?"

"Hapana. Mimi ni Waziri."

"Waziri wa nini?"

"Wa Mapumziko."

Mlinzi alitazama nyuma yake, ambapo watu walikuwa wanashuka na kofia zao za jua, taulo mabegani. "Hapa naona wanapumzika bila shida, mzee. Kama si abiria, hupandi mpaka abiria mmoja aje akutambue."

Wakati huo simu ya Waziri iliita. Ilikuwa Ofisi Kuu. Aliipokea kwa haraka ya mtu aliyepata msaada, akaweka sauti ya juu ili mlinzi asikie anaongea na nani.

"Habari ya huko, mzee," ilisema sauti. Niliona, kama Katibu, kwamba haikusema Mheshimiwa. "Kuna jambo. Tangu muondoke wakubwa wote, dirisha la vibali limefungwa. Muhuri mmeondoka nao."

"Ninao mimi," nilisema, nikigusa mfuko.

"Basi. Wananchi wamekuja, wamekuta pamefungwa, wakarudi makwao wakapumzika wenyewe. Wameamka wazima. Viwandani kazi inakwenda, hospitali foleni zimepungua, hata madereva wanasalimiana. Kwa hiyo imeamuliwa Wizara ipumzishwe."

"Ipumzishwe kwa muda gani?"

"Moja kwa moja."

"Na ni kamati ipi iliyochunguza suala hilo?"

"Hakuna kamati, mzee. Tulikaa, tukaona, tukafunga. Chai ilikuwa bado ya moto. Poleni na safari."

Mwanasheria alikuwa wa kwanza kusogea pembeni, hatua moja, kama mtu aliyekumbuka kwamba hakuwa nasi. Waziri aliibana simu mkononi. Jua lilikuwa linampiga kichwani na hakuna aliyemfungulia mwavuli, kwa sababu mwenye jukumu la mwavuli hakuwa na uhakika kama bado analo.

"Sasa, mzee," alisema mlinzi kwa upole, maana naye alikuwa amesikia. "Nikuandike wewe ni nani?"

Waziri aliinua macho. Juu ya ngazi walikuwa wametokea. Pacha walitangulia, mmoja ameshika boya, mwingine ameshika boya hilohilo. Binti alikuwa amevaa miwani ya jua ya mama yake. Bibi alikuwa kwenye kiti cha kukunja karibu na mlango wa lifti, uso umekunjuka, na nyuma yake palikuwa na maji, na kulia kwake maji. Mama Pacha aliegemea ukingo, akatazama chini.

"Mimi," alisema aliyekuwa Waziri, "mimi ni mume wa yule pale. Na wale ni watoto wangu. Yule mkubwa anakwenda kusoma, na sijui anakwenda kusoma nini, nimekuja kumuuliza."

Mlinzi aliinua uso. "Mama, huyu ni wenu?"

Mama Pacha alimtazama mumewe, shati limemgandama, kiatu kimoja kimefunguka kamba. Kisha akatutazama sisi, tuliosimama mstari nyuma yake.

"Baba Pacha," aliita. "Umekuja peke yako, au na watu wako?"

Mumewe aligeuka. Mkurugenzi alijiweka sawa. Mimi nilikuwa na ripoti kwapani, nikaisogeza mbele kidogo ili ionekane, kwa sababu ilikuwa na kipengele kinachohusu mazingira kama hayo. Alitutazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alitukuta wapi. Nilingoja aombe maoni.

"Peke yangu," alisema.

"Haya, panda. Na uvue hivyo viatu, wenzako wanafundishwa kuogelea."

Akapanda. Hakupanda kama mkubwa, alipanda akishika kamba kwa mikono miwili. Tulisikia pacha wakipiga kelele kwa pamoja, na sauti ya Bibi ikisema mkwe umekonda, na ya binti ikianza kueleza kitu kirefu, na safari hii hakuna aliyemkatiza. Mlango wa lifti ukafunguka, ukawameza wote.

Tulibaki gatini. Kwa mujibu wa taratibu, kamati huvunjwa na aliyeiunda, na aliyeiunda alikuwa hana tena mamlaka ya kuvunja hata biskuti. Nilitoa hoja kwamba tuendelee na kikao hapohapo mpaka tupate mwongozo. Mwanasheria akauliza kama akidi imetimia. Mkurugenzi wa Manunuzi hakutusikiliza. Alikuwa amekaa juu ya nguzo ya kufungia kamba za meli, anavua soksi.

"Jamani," alisema. "Mimi naona tuingie majini."

Mtakwimu alikuwa ameshafika ufukweni. Nilitafuta mpinzani, kulia na kushoto, kama sheria inavyotaka. Sikumpata. Nikakunja suruali.